"Mtandao uko chini": uko chini wapi?



Mwisho wa mwezi uliopita nilikwenda benki kutoa fedha kidogo za karo ya mtoto. Benki yenyewe sitaitaja, maana jambo nitakalolisimulia lingeweza kunipata katika benki yoyote ya mji huu, na bila shaka wengi wenu limekwisha kuwapata. Ilikuwa saa nne asubuhi na ukumbi umejaa hadi mlangoni. Wazee wa pensheni walikuwa wamekaa kwenye viti vya mbele, vitambulisho mkononi. Karani wa dirisha la tatu, binti mpole, alikuwa akibofya kitufe, anangoja, anabofya tena. Baada ya robo saa aliinua uso akasema maneno ambayo kila mkazi wa mjini anayajua kwa moyo: "Samahanini wazee wangu, mtandao uko chini."

Mzee mmoja aliyekaa karibu nami akamwuliza, "Uko chini wapi, binti yangu? Tuambie tukauchukue." Watu walicheka. Nami nilicheka, lakini swali la mzee yule lilinifuata mpaka nyumbani, maana lilikuwa swali la haki kabisa. Umeme ulikuwapo. Kompyuta ya karani ilikuwa inawaka. Simu yangu mfukoni ilikuwa inapokea ujumbe kama kawaida. Sasa kilichokuwa chini ni kitu gani?

Nina mpwa wangu ambaye kazi yake ni kuunda na kurekebisha programu za mashirika makubwa. Nilimpigia simu jioni ile. "Mjomba," akaniambia, "mara nyingi huo mtandao hauko chini hata kidogo. Kuna foleni nyingine ndani ya mashine, kama hiyo mliyopanga ukumbini, ila ninyi hamuioni." Tulizungumza karibu saa mbili, na juma hili nataka kuwaeleza yale niliyoyapata kwake pamoja na mengine niliyoyatafuta mwenyewe. Nayaeleza kwa sababu jawabu ambalo wakubwa wa taasisi zetu hulipenda pindi mfumo unapokuwa mzito ni moja tu: kununua mtambo mkubwa zaidi. Fedha hizo ni zetu, na mara nyingi zinapotea bure.

Karani anapobofya kile kitufe, msidhani kompyuta yake inazungumza moja kwa moja na daftari kuu la benki. Kati yake na daftari hilo, ambalo wataalamu huliita kanzidata, wamekaa wapokezi wa katikati. Hizi ni programu ambazo kazi yake ni kupokea ombi, kuhakikisha kwamba anayeomba ni mwenyewe, kulipeleka ombi panapostahili, kungoja jibu na kulirudisha. Wenyewe huziita midoweya. Mimi nitaziita programu za kati. Unapolipa ada ya serikali kwa simu kwa kutumia ile namba ndefu ya malipo, ombi lako linapita katika kampuni ya simu, linaingia katika mfumo wa malipo wa serikali, linafika benki, na taarifa inakwenda kwa ile taasisi unayoilipa. Kila mlango una mpokezi wake, na kila mpokezi ana foleni yake.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1953 rais wa shirika la ndege la American Airlines, Bwana C. R. Smith, alijikuta ndani ya ndege ameketi karibu na mfanyakazi wa mauzo wa kampuni ya IBM ambaye naye aliitwa Smith. Mazungumzo ya abiria hao wawili ndiyo yaliyozaa mfumo wa kukatia tiketi ulioitwa SABRE, ulioanza kazi katika miaka ya 1960. Mwaka 1969 IBM ikatoa programu ya kati iitwayo CICS, ambayo kwanza iliwalenga watu wa mashirika ya huduma kama umeme, ili karani aweze kuliona jalada la mteja papo hapo mteja akiwa bado mbele yake. Programu hiyo ingali inafanya kazi katika mabenki mengi duniani hadi leo. Kwa hiyo matatizo yake yanajulikana kwa zaidi ya nusu karne. Anayesema kuwa teknolojia hii ni mpya na tumvumilie, anatafuta pa kujificha.

Hesabu ya foleni nayo ni kongwe zaidi. Mwaka 1909 Mdenmark mmoja, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha maandishi yake ya kwanza kuhusu jinsi simu zinavyoingia na kusubiriana. Hesabu zilizotokana na mwanzo huo zinasema jambo ambalo wengi wetu hatulitegemei. Chukueni karani mmoja ambaye kwa wastani humhudumia mtu mmoja kwa dakika 1, na watu wanaingia ovyo ovyo, pengine mmoja mmoja, pengine kwa mkupuo. Ikiwa ana kazi nusu ya muda wake, kila mtu atatumia pale wastani wa dakika 2, kuanzia kuingia hadi kutoka. Kazi ikifika asilimia 90 ya uwezo wake, mtu atakaa dakika 10. Ikifika asilimia 95, dakika 20. Ikifika asilimia 99, dakika 100.

Hebu zitazameni tena tarakimu hizo. Karani ni yuleyule, kasi yake ni ileile, hakulala wala hakwenda kunywa chai. Kati ya asilimia 90 na 99 watu wameongezeka kwa sehemu moja tu ya kumi, lakini kungoja kumeongezeka mara kumi. Ndiyo maana mfumo uliokwenda vizuri tarehe 12 unakufa tarehe 28. Meneja atasema, "Lakini wateja hawakuongezeka sana!" Naye anasema kweli.

Sasa tuingie ndani ya programu ya kati yenyewe, maana hapa ndipo mpwa wangu alipochangamka. Programu hiyo haiwezi kufungua milango isiyo na idadi kwenda kwenye kanzidata. Hupewa idadi maalumu ya njia, tuseme 50. Kila ombi huchukua njia moja, huitumia, kisha huirudisha ili mwenzake aichukue. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni fupi inayosema kwamba idadi ya walio ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Yakiingia maombi 100 kwa sekunde, na kila moja likikaa nusu sekunde, ndani patakuwa na maombi 50 kwa wakati mmoja. Njia 50 zinatosha, ingawa kwa taabu.

Ikitokea sababu yoyote, hata ndogo, ikalifanya kila ombi likae sekunde 2 badala ya nusu, njia zilezile 50 zitaweza kuhudumia maombi 25 tu kwa sekunde. Lakini 100 bado yanaingia. Kila sekunde 75 yanabaki nje. Baada ya dakika moja yako 4,500 mlangoni. Hapo ndipo karani anapoanza kubofya tena na tena, na mtu wa simu naye anarudia muamala wake akidhani wa kwanza umepotea, na ombi moja linakuwa matatu. Foleni inajilisha yenyewe.

Na ajabu yake, wasikilizaji, ni kwamba wakati huo mashine yenyewe inaweza kuwa haina kazi. Ukiitazama utaikuta imetulia, imepoa, kwa sababu kila kitu ndani yake kinangoja kitu kingine. Mkubwa anaagiza seva kubwa zaidi. Zabuni inatangazwa, kamati inakaa posho zake, mtambo unakuja ndani ya makreti, na siku ya mwisho wa mwezi mtambo mpya nao unangoja kama ule wa zamani, kwa sababu njia bado ni 50. Fundi mwenye haraka atazifanya njia kuwa 500. Hapo kanzidata, iliyokuwa ikielemewa na maswali 50 kwa pamoja, inapata 500 na kukabwa kabisa. Mpwa wangu ameyashuhudia yote mawili katika mwaka mmoja.

Basi ni kitu gani kinacholifanya ombi likae sekunde 2? Nilitegemea anitajie jambo zito la kisayansi. Kumbe mara nyingi ni mambo ya kiofisi kabisa. Kanzidata inaulizwa jina la mteja, na hakuna aliyeitengenezea faharasa, kwa hiyo inafungua kila jalada kuanzia la kwanza hadi la mwisho, kama mtu anayetafuta neno katika kamusi isiyopangwa kwa alfabeti. Wakati wa majaribio walikuwapo wateja 1,000 wa kubuni, ikafanya haraka. Sasa wapo milioni moja.

Au ni lile kosa la mpishi wa pilau. Mpishi mwenye akili huandika mahitaji yake yote, akaenda Kariakoo mara moja, akarudi na kikapu. Programu mbaya huenda Kariakoo kununua kitunguu kimoja, ikarudi nyumbani, ikaenda tena kununua kitunguu cha pili, ikarudi, kisha ikakumbuka kitunguu saumu. Kila safari ni fupi, wala mwandishi wa programu haioni, kwa kuwa kwenye meza yake Kariakoo iko chumba cha pili. Sogeza kanzidata mbali ndipo utaona. Jirani zetu wa Kenya walianzisha M-Pesa mwezi Machi 2007, na hadi mwaka 2015 mitambo yake mikuu ilikuwa Ujerumani, ndipo ikahamishiwa Kenya. Sisemi huduma hiyo ilikuwa na kosa la vitunguu, nachukua umbali tu. Kutoka Nairobi hadi Ujerumani ni zaidi ya kilomita 6,000. Mwanga ndani ya nyaya za kioo huenda kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua sehemu 6 za mia za sekunde, hata fundi awe hodari namna gani. Swali moja si kitu. Maswali 30 ya kitunguu kimoja kimoja ni karibu sekunde 2, kabla hakuna kazi yoyote iliyofanyika.

Fundi mzuri, kwa hiyo, hupima kwanza. Anaweka saa katika kila mlango: ombi lilikaa muda gani kwa mpokezi wa kwanza, muda gani likingoja njia, muda gani kwenye kanzidata. Mwaka 1967 Gene Amdahl, mhandisi wa Marekani, alionyesha kwa hesabu kwamba ukiifanya sehemu moja ya kazi iwe na kasi kubwa mno, faida yako haiwezi kuzidi muda ambao sehemu hiyo ilikuwa ikiutumia. Ikiwa hesabu za programu zinachukua asilimia 5 ya muda na asilimia 95 ni kungoja, basi mtambo wenye kasi maradufu utakupunguzia asilimia 2 na nusu. Mzee wa pensheni hataiona tofauti hiyo.

Msidhani haya ni ya kwetu maskini tu. Huko Uingereza kuna benki iitwayo TSB. Ilikuwa sehemu ya Lloyds, ikatenganishwa, na mwaka 2015 ikanunuliwa na benki ya Sabadell ya Hispania. Lakini iliendelea kutumia mitambo ya Lloyds, na kuilipia, mpaka ilipoamua kuhamia kwenye mfumo mpya uliojengwa na upande wa Sabadell. Kuhama kulipangwa kufanyika mwaka 2017, kukaahirishwa, na hatimaye kukafanyika mwishoni mwa juma, Aprili 2018. Wateja wa TSB walikuwa kiasi cha milioni 5.2.

Takwimu zenyewe zilihama salama. Hilo ndilo linalonisisimua katika kisa hiki. Kila senti ya kila mteja ilifika katika nyumba mpya, lakini milango ikagoma. Watu wakaanza kuingia kwa mamilioni, na mfumo ukashindwa kuwabeba. Watu wapatao milioni 1.9 walijikuta hawawezi kuingia kwenye akaunti zao. Wengine waliingia wakaona akaunti za watu wengine. Wenye maduka walishindwa kulipa mishahara. Hali haikurudi kuwa ya kawaida kabisa hadi Desemba ya mwaka huo, na mkuu wa benki, Bwana Paul Pester, alikuwa amekwisha kuondoka Septemba. Benki ilipokea malalamiko zaidi ya 225,000, ikalipa fidia pauni milioni 32.7, na Desemba 2022 wasimamizi wa mabenki wakaitoza faini ya pauni milioni 48.65.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulibaini mambo mengi, nami nitachukua mawili. La kwanza: mfumo ulikuwa na vituo viwili vya mitambo vilivyopaswa kugawana kazi, lakini majaribio ya kuubebesha uzito wa wateja yalifanyika katika kituo kimoja tu. La pili, na hili lingeweza kuandikwa hapa kwetu: tarehe ya kuhama ilipangwa kwanza, kisha kazi ikabanwa iingie ndani ya tarehe hiyo.

Ndugu wasikilizaji, tarehe hiyo tunaifahamu. Kwetu inaitwa siku ya mgeni rasmi. Mwaliko umekwisha kutumwa, turubai limekodiwa, fulana zimechapishwa, kikundi cha ngoma kimelipwa kianzio. Juma moja kabla ya hapo anakuja kijana na karatasi zake, anasema mfumo umejaribiwa kwa watumiaji 200 kwa pamoja na watakaokuja ni 20,000, naomba wiki sita. Nani atamsikiliza? Ataambiwa kwamba ana mawazo hasi. Utepe utakatwa, picha zitatoka magazetini, na mwisho wa mwezi binti wa dirisha la tatu ndiye atakayeomba radhi kwa jambo asilolijua.

Upande wa pili kuna kisa cha Marekani. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali yao ilifungua HealthCare.gov, mahali pa wananchi kujiandikisha bima ya afya. Siku ya kwanza waliofaulu kumaliza kujiandikisha walikuwa 6. Katika taifa zima! Ikaitwa timu ya uokoaji, na miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyakuta ni kwamba hapakuwa na vipimo vya kuonyesha mfumo unaumwa wapi. Wakaweka vipimo, wakakaa vikao vya kila siku ambamo mwenye tatizo alilitaja bila kutafutwa mchawi, na wakaanza kuondoa kizuizi kimoja baada ya kingine. Mpaka Desemba 1 walikuwa wamefanya marekebisho zaidi ya 400. Kurasa zilizokuwa zikichukua wastani wa sekunde 8 kufunguka zilishuka chini ya sekunde 1, na makosa yakapungua kutoka asilimia 6 hadi chini ya asilimia 1. Ni kweli waliongeza na mitambo pia. Sikatai mitambo. Nakataa mitambo inayonunuliwa kabla ya kupima.

Nilimwuliza mpwa wangu, kama ningekuwa mjumbe wa bodi, mtu wa kawaida asiyejua kompyuta, ningewauliza nini mafundi kabla ya kutia saini. Akanijibu kwamba niulize watu wangapi waliujaribu kwa wakati mmoja, na idadi hiyo ilitolewa wapi. Niulize kanzidata ya majaribio ilikuwa na wateja wangapi. Niulize ombi lililochelewa kuliko yote lilichukua muda gani, nisikubali kuambiwa wastani peke yake, kwa kuwa wastani humficha mzee aliyengoja saa nzima nyuma ya vijana waliongoja sekunde. Na niulize nani ana mamlaka ya kusema siku ya ufunguzi isogezwe mbele, na kama mtu huyo amewahi kusema hivyo hata mara moja akabaki kazini.

Nirudi benki. Ilipofika saa saba mchana, binti wa dirisha la tatu alitangaza kwamba mtandao umerudi, na foleni ikaanza kusogea. Yule mzee alipofika dirishani akamwuliza wameutengeneza vipi. "Wamezima wakawasha, baba," akajibu. Nilipomsimulia hilo, mpwa wangu alicheka. Akasema kuzima na kuwasha huimwaga foleni yote iliyokuwa ndani, na njia zote 50 zinabaki wazi, kwa hiyo kila kitu kinakwenda mbio. Lile swali lililokuwa likichukua sekunde 2, hata hivyo, halijaguswa na mtu. Tarehe 28 ya mwezi huu nina karo ya mtoto wa pili. Safari hii nitakwenda na kiti changu.